Siku nne Leiden, na magoti yanauma: nikapumzike wapi?

"Binti yangu anasoma shahada ya uzamili Leiden, Uholanzi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61, naishi Tanga, na wiki ya mwisho ya Aprili nitakwenda kumwona kwa siku nne. Kila ninayemuuliza ananiambia Leiden ni mji wa kupita tu, nusu siku inatosha, siku nyingine niende Amsterdam. Sipendi msongamano, na magoti yananisumbua. Siwezi kutembea kutwa wala kupanda baiskeli. Binti amenitajia bustani zilizofichwa nyuma ya milango ya watu. Naogopa: ni ruhusa kuingia, au nitafukuzwa kama mwizi? Nataka mahali pa kukaa, kutazama, na kukielewa ninachokitazama. Nianzie wapi?"

Shikamoo mama. Umeuliza mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: kama Leiden inatosha siku nne, kama zile bustani za ndani zinaingilika, na kama magoti yatakubali. Nimeishi mji huu miaka 12 na kazi yangu ni kutembeza wageni. Nitakujibu kama ambavyo ningekujibu tukiwa tumekaa barazani kwako, bila haraka.

Hutafukuzwa. Nalisema hilo mapema ili usome yaliyobaki moyo ukiwa umetulia. Ila kuna adabu ya kuingia, nayo nitakueleza pamoja na sababu zake.

Waliokuambia Leiden ni mji wa kupita hawakukudanganya. Wamekusimulia walivyoiona wao. Treni kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol hufika Leiden Centraal kwa dakika 15 hadi 20, na Amsterdam iko mwendo wa dakika 35 au 40. Msimu wa maua ya tulipu wageni wengi hushuka pale stesheni na kuvuka moja kwa moja hadi kwenye basi la Keukenhof, ile bustani maarufu ya tulipu. Wengine huingia mjini, hupita mtaa wa maduka wa Haarlemmerstraat, hupiga picha De Valk, kile kinu kirefu cha upepo cha mwaka 1743, kisha hao, wamekwenda. Kwa mtu wa mwendo huo nusu siku inatosha kweli. Mazuri ya Leiden mengi yako nyuma ya ukuta, au yanataka mtu akae chini, na aliyekuja kwa saa mbili hakai.

Umesema unataka kukielewa unachokitazama, basi niruhusu nianze mbali kidogo. Katika karne ya 17 huu ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa katika Holland, nyuma ya Amsterdam peke yake. Utajiri wake ulikuwa sufu. Wafumaji waliokimbia vita na mateso ya dini huko Flandria, hasa Ubelgiji ya leo, walikuja na ufundi wao kuanzia mwishoni mwa karne ya 16, na Leiden ikawa inafuma kitambaa kizito kiitwacho laken, cha jamii ile ile inayoshonewa majoho. Majora yalipelekwa kwenye jumba la Lakenhal, lililojengwa mwaka 1640, yakakaguliwa na kutiwa muhuri wa madini ya risasi ndipo yauzwe. Watu zaidi ya 60,000 walibanana ndani ya mfereji wa ngome. Halafu biashara ikaporomoka, na mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wamebaki kama nusu. Nyumba za wafumaji zilibomolewa, viwanja vikabaki wazi, na fedha za kuuvunja mji wa kale ili kujenga mpya hazikuwepo. Ule ukimya utakaokupokea kwenye vichochoro vya Leiden, mama, umetokana na umaskini huo. Mimi hili hunigusa kila mara, maana wageni husifu jinsi mji ulivyotunzwa vizuri, na kumbe kwa muda mrefu uliachwa tu. Lakenhal leo ni makumbusho, na siku ya mvua ndiyo ya kuingia humo.

Sasa hizo bustani nyuma ya milango. Zinaitwa hofje, tamka "hofye". Hof ni ua, na -je ya Kiholanzi inafanya kazi ya ki- yetu ya udogo: kiua. Leiden ina viua hivi zaidi ya 30. Unakwenda mtaani, unaona lango dogo kati ya nyumba mbili, unainama kidogo ukivuka ujia wenye giza, mara unatokea kwenye uwanja wa majani na waridi, umezungukwa na nyumba ndogondogo zenye milango inayofanana, na katikati kuna pampu ya maji.

Asili yake utaielewa haraka kuliko wageni wangu wengi, kwa sababu wewe ni mtu wa pwani: ni wakfu. Tajiri, mara nyingi asiye na mtoto, aliandika katika wosia kwamba sehemu ya mali yake ijenge nyumba kuzunguka ua, wakae wazee wasiojiweza bila kulipa kodi. Fedha nyingine iliwekwa kwenye ardhi na majengo yanayozaa, na wasimamizi walioitwa regenten walikusanya mapato hayo, wakatengeneza paa na kuchagua wa kuingia. Masharti hayakukosekana. Hofje moja ilipokea wanawake tu, nyingine waumini wa kanisa fulani tu, na usiku lango lilifungwa. Utaona pia nembo ya ukoo wa mwanzilishi juu ya lango, wakati mwingine kubwa kuliko dirisha la mzee aliyesaidiwa. Sadaka na jina vilikwenda pamoja. Hata hivyo nyumba zimesimama na zinakaliwa miaka 300 na zaidi baada ya wenye mali kuzikwa, na mimi nayaheshimu sana mambo hayo.

Neno "zinakaliwa" ndilo linalojibu hofu yako. Hofje si bustani ya umma, wala si jumba la makumbusho. Ni nyumba za watu. Siku hizi wengi ni wapangaji wa kawaida, wakiwemo wanafunzi. Ukikuta lango wazi mchana, unaruhusiwa kuingia. Ukilikuta limefungwa, usigonge kengele ya mtu. Nenda kwenye jingine. Nyingi hufungwa Jumapili au jioni. Huku kwetu tunapiga hodi kwa sauti. Kule hodi yako ni kunyamaza.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliingia na wageni sita, tukiongea sauti za sokoni. Mzee mmoja akafungua dirisha, akaniangalia, akaweka kidole mdomoni. Nyuma yake nilimwona mtu amelala, mgonjwa, na kitanda chake kilikuwa hatua tatu tu kutoka niliposimama. Tangu siku hiyo siingii na watu zaidi ya watatu, na sipigi picha ya dirisha la mtu. Nyinyi wawili, wewe na binti, mko salama kabisa. Simameni, tazameni, kaeni kwenye benchi kama lipo na si la mlango wa mtu, kisha mwondoke.

Anza na Jean Pesijnshof, iliyoko Kloksteeg, ng'ambo ya kanisa kubwa la Pieterskerk. Ilifunguliwa mwaka 1683 kwa ajili ya wazee wa kanisa la Kiwaloni, yaani Waprotestanti wasemao Kifaransa ambao familia zao zilikuja kama wakimbizi. Mahali hapo hapo ndipo alipoishi John Robinson, mchungaji wa Waingereza waliokimbia dini ya dola yao. Sehemu ya kundi lake iliondoka mwaka 1620 kwenda Marekani. Yeye alibaki, akafa Leiden mwaka 1625, akazikwa Pieterskerk. Wamarekani huja kusoma kibao chake, wanapiga picha, wanaondoka, na ua unabaki mtupu. Hapo ndipo uingie. Ukitaka nafasi zaidi, Meermansburg, iliyoko Oude Vest, ng'ambo ya mfereji ukitokea Lakenhal, nayo ni ya mwaka 1683 na ndiyo kubwa kupita zote. Njia zake ni pana na tambarare, nzuri kwa magoti. Hofje mbili kwa siku zinatosha. Ukizikimbilia saba utarudi nyumbani huzitofautishi.

Kuna mahali pengine pa kukaa ambapo wengi hupita wakidhani ni uwanja wa kawaida tu: Van der Werfpark, kando ya mfereji wa Steenschuur. Angalia pande zote za mfereji ule. Mji mzima umejengwa nyumba kwa nyumba, halafu ghafla hapo pana miti na majani. Tarehe 12 Januari 1807 meli iliyobeba baruti ilikuwa imefungwa pale. Ililipuka mchana. Watu wapatao 150 walikufa na nyumba zaidi ya 200 zikaangamia. Eneo lile lilikaa gofu kwa miaka mingi, na watu waliliita hivyo hivyo, Gofu. Bustani ilikuja baadaye sana. Vijana hulala majani jua likiwaka, wanakula, wanasoma. Nami hukaa hapo mara nyingi. Mtu akijua, hakai vile vile.

Aprili nje ni nyuzi 12 au 13 mchana, asubuhi ni baridi kuliko hivyo, na kwa mtu wa Tanga hiyo ni baridi ya kuuma viungo. Kwa hiyo weka Hortus Botanicus kwenye asubuhi yako ya pili. Ni bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Leiden, iliyoanzishwa mwaka 1590. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alikuja kuiongoza mwaka 1593, na mwaka uliofuata tulipu zake zilichanua. Ua lile asili yake ni mashariki, lilipita Uturuki. Lango liko Rapenburg, kando ya jengo kuu la chuo, ambalo zamani lilikuwa kanisa la watawa wa kike. Kiingilio ni cha kulipia na kinastahili, kwa sababu ndani kuna nyumba za vioo zenye joto na unyevu, pamoja na lile yungiyungi kubwa la Amazoni ambalo majani yake ni mapana kama ungo, na zaidi. Kaa humo ndani hadi magoti yalegee. Wageni wangu kutoka pwani ya kwetu huvua makoti wakicheka.

Mwombe binti akuonyeshe pia kichumba kidogo katika jengo kuu la chuo, Zweetkamertje, "kichumba cha jasho". Watahiniwa walisubiria hapo matokeo, na wanaohitimu huandika majina yao ukutani. Jina la Mfalme Willem-Alexander, aliyesoma historia Leiden, limo. Si kila siku kinafunguliwa, basi aulize mapema. Siku akimaliza, la kwake nalo litaandikwa.

Nije kwenye magoti. Leiden ni tambarare, isipokuwa De Burcht, ngome ya mviringo juu ya kilima kilichojengwa kwa mikono karibu miaka 1,000 iliyopita, pale mito ya Oude Rijn na Nieuwe Rijn inapokutana. Ni bure kuingia, na juu ya ukuta wake unaona paa zote za mji na kanisa la Hooglandse Kerk, ambalo sehemu yake moja ni ndefu na nyingine fupi kwa sababu halikumalizwa kama lilivyopangwa. Lakini ni ngazi, na baada ya hizo kuna ngazi nyingine za kupandia ukutani. Usijilazimishe. Akiomba binti, apande yeye, wewe mngojee chini kwenye mkahawa. Hutakosa kitu kisicholipika.

Badala yake nenda Plantsoen, upande wa kusini-mashariki. Mfereji wa ngome bado unauzunguka mji wote, kiasi cha kilomita 6, na unapinda huku na huku kwa pembe kali. Kila pembe ilikuwa kituo cha mizinga, ili aliye kwenye pembe moja aweze kupiga adui anayetambaa chini ya ukuta wa jirani. Kuta zilibomolewa, na katika karne ya 19 pale zilipokuwa pakapandwa miti. Usiombe kuuzunguka wote, hata kama binti atakuambia ni karibu. Plantsoen peke yake ni njia laini, mabenchi, na bata. Kama hata hiyo ni nyingi, kuna boti za wazi zinazozunguka mifereji kwa muda wa saa moja hivi. Hatua ya kushukia botini ndiyo ngumu. Mwambie nahodha akushike mkono.

Jambo moja la usalama ambalo hakuna anayeliona kuwa la maana hadi limkute: njia za baiskeli. Mara nyingi ni lami nyekundu. Ukiona nyekundu, ile ni barabara, tazama pande zote mbili. Baiskeli haipigi honi ya kutosha na haipunguzi mwendo.

Jumatano na Jumamosi kuna soko kandokando ya Nieuwe Rijn, hadi kwenye Koornbrug, daraja lenye paa ambako zamani waliuzia nafaka. Jumamosi watu ni wengi. Chagua Jumatano asubuhi. Omba kuonja jibini ya Leiden. Ndani ina mbegu, na ukitafuna utashangaa: ni bizari nyembamba, ile ile ya pilau. Kila ninapoila nanusa jikoni kwa mama yangu. Na ukitembea tazama kuta za nyumba, maana tangu mwaka 1992 taasisi moja ya hapa imechora mashairi zaidi ya 100 ukutani, kila moja kwa lugha na maandishi yake ya asili. Lugha zetu hazina ugeni katika mji huu. Chuo chake kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na hapo hapo kuna Kituo cha Masomo ya Afrika chenye maktaba yake. Mwalimu mstaafu akipita kwenye rafu za Kiswahili na kuona zimekwenda hadi wapi, nadhani atafurahi.

Je, Amsterdam uiache? Nitakuwa mkweli: Leiden haina Rijksmuseum, makumbusho ya taifa, wala nyumba alimojificha Anne Frank, yule msichana Myahudi, wakati wa vita. Rembrandt, mchoraji mkuu wa Kiholanzi, alizaliwa hapa mwaka 1606, lakini nyumba yenyewe haipo tena na michoro yake maarufu iko kwingine. Kama moyo unakutuma kuiona Amsterdam, chukua siku moja, nunua tiketi za makumbusho mapema, urudi kulala Leiden. Keukenhof nayo ni nzuri na ina njia tambarare, ila Aprili mwishoni ndiyo kilele cha watu. Wewe usiyependa msongamano ungepata tulipu kwa amani zaidi kule Hortus. Kwa siku nne ningekuwa wewe, ningetoa siku moja tu nje ya mji, na zile tatu nisiwe na ratiba baada ya chakula cha mchana.

Angalia kalenda kabla ya kukata tiketi. Tarehe 27 Aprili ni sikukuu ya Mfalme. Mitaa hujaa, muziki ni mwingi, maduka mengi hufungwa. Kama siku zako zinaangukia hapo, kaeni nyumbani kwa binti siku hiyo au mtoke asubuhi sana. Na usafiri wa treni unaweza kuulipia kwa kadi ya benki isiyo ya kuingiza: gusa ukiingia, gusa ukitoka. Ukisahau kugusa ukitoka utakatwa zaidi. Beba pesa taslimu kidogo, lakini usitegemee hizo tu, maana baadhi ya mikahawa haizipokei.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kuhusu viza ya Schengen, nenda kaulize wanakopokelea maombi ya Uholanzi, wala usitegemee maneno ya jirani. Wanataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na miadi hujaa. Kuhusu magoti, mwone daktari wako Tanga kabla ya safari, hasa kama yanavimba au mguu mmoja unauma kwenye shavu la mguu, kwa sababu ndege ya saa nyingi ukiwa umekaa inaweza kuleta damu kuganda. Mwambie unasafiri umbali gani. Ukiugua Leiden, binti apige simu kwa huisarts, daktari wa familia, ndiye mlango wa kwanza kule. Hospitali hawapokei mtu aliyejiendea tu isipokuwa ni dharura, na ya dharura namba ni 112. Kuhusu hofje zipi zimefunguliwa wiki hiyo, muulizeni mhudumu wa ofisi ya wageni karibu na stesheni, maana milango hubadilika.

Siku ya mwisho msiende mbali. Jua la Aprili mwishoni linazama karibu saa tatu usiku, na hilo litakushangaza. Twaeni mkate na hiyo jibini ya bizari, mwende Galgewater, pale penye kinu cha upepo cha De Put na lango la Morspoort la mwaka 1669. Baba yake Rembrandt alikuwa msaga nafaka mitaa hiyo hiyo. Kuna mahali pa kukaa ukitazama maji, mashua za kale zimefungwa kandoni, na upepo unatoka magharibi kulikolala bahari. Vaa koti, na mtandio mzito.